Lori Kati Yangu na Mkwe

Kabla ya kumpelekea fundi yeyote lori langu, nilikuwa nalipaka rangi ya kucha. Si lori zima, la! Vipande tu: nozeli moja moja, pampu ya dizeli, altaneta, hata kifuniko cha radieta. Tone dogo jekundu, mahali ambapo mtu hatazami. Rangi yenyewe ilikuwa ya binti yangu, aliiacha nyumbani alipoolewa, na mimi sikuwa na kucha za kupamba. Lori likirudi kutoka gereji nilikuwa nachukua tochi na kukagua tone kwa tone, fundi amesimama hapo hapo akifuta mikono kwa kitambaa, na simwambii ninatafuta nini.

Siku moja nikakuta nozeli mbili hazina tone. Lo! Fundi wa mjini Kakamega alisikia yake siku hiyo. Nilimwambia kuwa amenibadilishia nozeli nzuri kwa mbovu, na kwamba sitakanyaga kwake tena hata lori likifia mlangoni pake. Binti yangu aliposikia kisa hicho alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, dizeli inatoa rangi ya kucha," akasema. "Hebu paka kidole, kisha ukichovye uone." Sikuchovya. Nilimwambia kuwa yeye ni mtoto na hajui watu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na saba, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha Kiswahili. Mtu aliyesimamia mitihani miaka yote hiyo hawezi kuamini mkono ulioingia mfukoni. Mume wangu alipofariki aliniachia shamba la miwa huku Matungu na lori kuukuu la pua ndefu. Akiwa hai alinifundisha kuliendesha katika vijia vya mashambani, kwa mzaha tu, tukicheka. Baada ya msiba haukuwa mzaha tena. Nilistaafu, nikajaribu madereva wawili, wote nikawafukuza kwa sababu ya dizeli, nikashika usukani mwenyewe. Watu walisimama kando ya barabara kuniangalia. Niliwazoea, na wao wakanizoea.

Mwaka ninaousimulia, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, lori lilianza kuchemka. Nikitoka Matungu na mzigo, sijafika hata nusu ya njia ya Mumias, mvuke unatoka mbele kama jikoni kuna harusi. Nikavuta kijiti cha kupimia mafuta ya injini: mafuta yamekuwa meupe kama chai ya maziwa. Hata mimi nilijua kuwa maji yameingia pasipofaa.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Wakulima wa upande wetu walikuwa wamepanga zamu za malori ya kubeba miwa, na zamu yangu ilianza Jumatatu. Mwenyekiti wao alinieleza bila kuzunguka: lori lisipokuwa kwenye foleni Jumatatu asubuhi, nafasi inapewa mwingine, msimu mzima. Msimu mzima bila kazi maana yake nilikuwa naijua. Ningeuza lori. Na mnunuzi alikuwepo, mzee mmoja wa Mumias, mpole, kofia nyeupe, anayekuja na salamu ndefu. "Asalaam aleikum, mwalimu. Lori halijambo?" Anaulizia lori kwanza, mimi baadaye! Kila alipokuja nilimkaribisha chai na kumtazama vidole.

Mwenyekiti aliniambia hayo Alhamisi. Ijumaa asubuhi binti yangu akafika kutoka Shirere, pale Kakamega, na mumewe.

Huyu mkwe wangu alikuwa fundi wa magari makubwa. Kijana mtaratibu, maneno machache, na mimi watu wa maneno machache huwa siwaelewi. Mtu akinyamaza najiuliza anaficha nini. Alikuwa ameomba ruhusa kazini siku mbili aje anifanyie lori bure. Bure! Neno hilo ndilo lililoniamsha. Fundi gani anakuja kutoka Kakamega hadi Matungu kushika injini bure?

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani usoni. Nyumbani kwake siingii. Yeye hawezi kuvua shati mbele yangu, wala kulala chali chini ya gari miguu ikitokeza huku mimi nimesimama pale. Ingekuwa aibu ya kusimuliwa soko zima. Kwa hiyo kama angefanya kazi ile, mimi nilipaswa niende zangu shambani, nimwachie lori peke yake mchana kutwa.

Nimwachie? Thubutu!

"Mwambie," nikamwambia binti yangu kwa sauti ya kutosha kufika hadi langoni, "lori nitalifungua mimi mwenyewe. Yeye akae upande wa pili anielekeze."

Binti yangu alinikodolea macho. "Mama, unajua hedi ya injini ina uzito gani?"

"Nimebeba magunia kabla hujazaliwa."

Nilitarajia mkwe akatae. Hakukataa. Alichukua kigoda, akakaa upande wa dereva, chini kabisa, gurudumu likamficha. Mimi nikapanda juu ya kreti upande wa pili. Boneti juu, injini kati yetu, hakuna anayemwona mwenzake. Binti akasimama mbele ya lori, kazi yake kupokea spana huku na kuziweka chini kule. Ndivyo tulivyoanza, na haki ya Mungu sijawahi kuona gereji ya namna ile tena.

"Mama," sauti ikatoka chini, "kwanza mwaga maji yote. Kisha regeza nati za juu, zile kubwa."

"Legeza," nikasema.

"Ndiyo, mama. Regeza."

Nikalegeza. Nati za mwanzo zilikataa, nikamwaga dizeli kidogo, nikasubiri, nikaning'inia kwenye spana mpaka nikasikia zinalia. Kila nati niliyotoa niliitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na mkebe niliuweka miguuni pangu. Kila alichonieleza nilikishuku. Aliposema nozeli zitolewe zifungwe kwenye kitambaa, nikaziweka mfukoni mwa aproni. Aliposema bomba fulani lisiguswe, nililitazama bomba hilo kwa muda mrefu, nikijiuliza kwa nini hilo.

Lakini nitasema ukweli: alikuwa anajua. Bila kuona, kwa mlio wa spana tu, alijua nimeshika nati gani. "Hiyo hapana, mama, hiyo ni ya pembeni," anasema, na kweli ni ya pembeni. Hilo lilinifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja.

Kuinua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, tulifunga kamba kwenye nguzo tatu za mkaratusi. Yeye alivuta kutoka upande wake, kichwa ameinamisha, mimi nikiiongoza kwa mikono upande wangu. "Vuta. Taratibu. Subiri!" Chuma kile kilipachuka kikaning'inia hewani kati yetu, kizito, kinatona mafuta, na mikono yangu iko chini yake. Nikawaza: akiachia kamba sasa hivi, vidole vyangu vimekwenda. Nilimwomba Mungu, lakini sikumwomba mkwe. Hedi ikashuka upande wake polepole, hata gunia tulilotandika chini halikutoa sauti.

Gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeungua katikati, pengo la ukubwa wa kucha. "Inachemkanga kwa sababu ya hiyo," akasema. Aliomba nigeuke ili aipime hedi kama imepinda. Niligeuka. Jicho moja liligeuka, la pili lilibaki. Aliweka rula, akainama, akatazama mwanga chini yake, akapapasa kila pembe kwa kidole gumba kama mtu anayepapasa mtoto mwenye homa. Sikuona cha kulaumu.

Jumamosi tulirudisha. Gasketi mpya alikuwa amekuja nayo kutoka Kakamega. Tukashusha hedi kwa kamba, nikakaza nati kuanzia katikati kwenda nje, mara tatu, kama alivyosema. Mchana nikaenda kisimani kuchota maji ya radieta, na niliporudi kupitia nyuma ya ua ndipo nilipowaona. Mkwe wangu na yule mzee wa Mumias, wamesimama barabarani. Wanaongea. Mzee akacheka, akampiga mkwe begani. Nilipokohoa wakanyamaza wote wawili, na mzee akaondoka na baiskeli yake bila hata kuulizia lori.

Kumbe! Kumbe ndiyo sababu ya bure! Nikaweka ndoo chini, nikapiga moyo konde. Nilirudi kwenye kreti yangu macho yameniwaka, na kuanzia hapo kila neno lake nililipima kama sumu.

Ilikuwa imebaki kazi moja, ya vali. Kila pistoni ina vali mbili: moja inaingiza hewa, nyingine inatoa moshi. Juu ya kila vali kuna nafasi ndogo inayopimwa kwa kibati, na ya moshi inataka nafasi kubwa zaidi kwa sababu inapata moto. Alimpa binti vibati viwili, kimoja kinene, kimoja chembamba.

"Mama, kile kinene weka kwa vari ya kuria. Chembamba, ya kushoto. Kila pea hivyo hivyo."

"Kulia," nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na hasira ilitafuta pa kutokea. "Kulia, mwanangu. La, le, li. Kulia ni mkono. Kuria ni kabila."

Binti yangu akacheka. "Ku-li-a," mkwe akasema, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapo sawa."

Nikapima vali zote, kinene kulia, chembamba kushoto, binti akizungusha injini kwa mbele. Nilipima kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kusahihisha mitihani.

Saa kumi jioni nikaingia ndani ya lori, nikawasha. Likawaka! Binti akapiga kigelegele. Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa inagongagonga kama mtu anakatakata mifupa. Tukaliacha lipate moto. Lilipopata moto likaanza kukohoa, likatoa moshi mweusi, likatetemeka, likafa. Nikawasha tena. Likakohoa, likafa.

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya gurudumu, "vari. Tuangalie vari tena."

Basi nikamtolea uvivu. Nilishuka, nikasimama upande wangu wa lori, na nikapaza sauti ambayo jirani wa tatu aliisikia. Nilimwambia kuwa nimewaona. Nilimwambia alitumwa kuja kuniulia lori ili yule mzee wa Mumias alichukue kwa bei ya vyuma chakavu. Nilimwambia kuwa binti yangu ameolewa na mwizi. Mwizi! Nililitamka vizuri, kila herufi mahali pake.

Nilisikia vyuma vikigongana sandukuni, kisha nyayo. Binti yangu alinitazama tu, machozi yanamlenga, akajifunga leso, akamfuata mumewe. Ndani nilikuwa nimemchinjia mkwe kuku, ingokho mkubwa, kama inavyostahili. Kuku alibaki sufuriani. Nilimla peke yangu kwa hasira, na obusuma, ugali wetu, uliokwisha kupoa.

Jumapili sikuenda kanisani. Ningesali nini? Nilitoka nje kwenda kuondoa kigoda chake, maana hata kigoda kilinichukiza. Juu yake nikakuta vile vibati viwili, vimefutwa vikawa safi, vimelazwa pamoja. Fikira yangu ya kwanza, Mungu anisamehe, ilikuwa kwamba ameviacha makusudi ili kesho aseme nilimwibia.

Nikakaa kwenye kigoda. Nilitaka kujua alikuwa anaona nini akiwa pale. Hakuwa anaona kitu, ila gurudumu na ubavu wa injini juu. Nikasimama, nikatazama vali kutoka upande ule, upande wa dereva, upande ambao mafundi wote husimama. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia kuelekea pea ya kwanza.

Mkono ulielekea vali ya mbele. Jana, nikiwa upande wa pili, kulia kwangu ilikuwa vali ya nyuma.

Nilibaki nimenyoosha mkono pale kama mjinga. Alisema kulia, na alisema kweli. Tulikuwa tumeelekeana, injini kati yetu, na kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Nafasi kubwa nilikuwa nimeiweka kwenye vali za hewa, ndogo kwenye za moshi, zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nami wakati ule nilikuwa nashughulika na la, le, li! Miaka ishirini na saba nimewafundisha watoto kulia na kushoto, nikisimama mbele yao, nikigeuza mkono ili wasipotee. Nilisahihisha herufi nikaacha maana.

Nililia. Kisha nikachukua spana, nikapima vali upya, peke yangu, nikizungusha injini mwenyewe, napima moja, nashuka, nazungusha, napanda. Ilinichukua mpaka saa saba. Lori nililiwasha kwa kuliteremsha kwenye mteremko wa nyumbani kwa sababu betri ilikuwa imechoka, haishiki chaji tena. Likawaka, na sauti ilikuwa ile ninayoijua, nzito, imetulia. Sikulizima. Nilihitaji kujua kama litastahimili moto, na nilikuwa na mahali pa kwenda. Nikapita Mumias, nikashika njia ya Kakamega, na sindano ya joto haikusogea.

Shirere nilisimama barabarani mbele ya ploti ya vyumba ambamo binti yangu na mumewe walipanga, wao na wanafunzi wengi. Mahali ni tambarare kama meza. Niliacha injini inanguruma. Binti yangu akatoka, uso umekunjamana.

"Yuko?"

"Yuko ndani. Mama, hatoki."

Kweli atatokaje? Na mimi nitaingiaje? Heshima ile ile iliyonificha nikimtukana sasa ilinizuia kumwomba radhi. Basi nikasimama kwenye ngazi ya lori, wanafunzi wametokeza kwenye milango na vikombe vyao vya chai, nikapaza sauti kama jana. "Mkwe! Nilikosea! Kulia kwako si kulia kwangu!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Binti akaingia ndani, akatoka.

"Anasema uzime injini kwanza. Hasikii."

Nizime? Hapa, mahali tambarare, na betri ile? Lisipowaka, kesho nafasi imekwenda, na lori limekwenda. Wasiwasi ukanirudia wote, kama nzi waliofukuzwa kidogo. Huenda ndicho anachotaka. Huenda mzee wa Mumias yuko humo ndani amekaa. Mkono wangu ulikuwa kwenye kamba ya kuzimia injini.

Nikavuta. Kukawa kimya, mpaka nikasikia redio ya mtu.

"Mwanangu," nikasema, safari hii bila kelele, "nilikuita mwizi na hukuiba kitu. Ulinielekeza sawa. Mimi ndiye sikukuamini. Nisamehe."

Mlango ulikuwa wazi kidogo, giza ndani. Nilisubiri. Wanafunzi nao waliacha kucheka.

"Nimesikia, mama," akasema. "Hata vari nimezisikia. Ziko sawa."

Sikumwuliza walizungumza nini na yule mzee. Sijauliza mpaka leo.

Nikaingia ndani ya lori, nikajaribu kuwasha. Likatoa mlio mmoja, tik, basi. Mara ya pili hata tik haikuwepo. Wanafunzi wakaja wakikunja mikono ya mashati. Binti yangu akakaribia dirisha, akaninong'oneza, "Kaa tu ndani, mama. Na yeye anakuja kusukuma. Usigeuke."

Nikaweka gia ya pili, nikakanyaga klachi. Nyuma nikasikia sauti yake ikiwapanga, wewe huku, wewe kule, kisha wakahesabu pamoja, moja, mbiri, tatu. Lori likaanza kusogea. Kando ya uso wangu kulikuwa na kioo cha mlangoni, kile ninachotumia kuangalia mikono ya wapakiaji, na nyuma yote ya lori inaonekana ndani yake. Niliikaza shingo, nikatazama barabara iliyo mbele.

"Achia, mama!"

Nikaachia.